Uzee, Sala na Akili: Habari za Masista Waliotoa Bongo Zao

1. Majina ya uzee

Lugha yetu haina uhaba wa majina ya watu waliokula chumvi nyingi. Twasema mzee, na neno hilo ni la heshima hata likitajwa kwa mtu asiye na mvi, maadamu ana cheo. Twasema mkongwe na kikongwe kwa yule ambaye nguvu zimemwishia. Shaibu kwa mwanamume mwenye mvi. Ajuza kwa mwanamke aliyekwisha kupita umri wa kuzaa. Walakini liko neno jingine ambalo watu hulitaja kwa sauti ndogo: husema, fulani amepiswa. Maana yake amepungukiwa na akili kwa ajili ya uzee. Husahau majina ya watoto wake, huuliza neno moja mara kumi, hutoka nyumbani asijue njia ya kurudi. Wengine husema, amerudi utotoni.

Mithali zetu nyingi zimejengwa juu ya akili za wazee. Penye wazee haliharibiki neno. Utu uzima dawa. Kuishi kwingi kuona mengi. Basi mtu akiona ya kuwa neno limemharibikia mzee mwenyewe, ni kama kuona nguzo ya nyumba imeliwa na mchwa, naye hana budi kutafuta sababu. Mmoja huitafuta katika uchawi, mwingine katika laana, na Mkristo huitafuta katika sala.

Hapo ndipo swali linapowafikia mapadre na walimu. Je, kusali na kuhudhuria kanisani humlinda mtu asipotewe na akili katika uzee wake? Wako wanaojibu upesi, Ndiyo, tena hulifanya jibu lao kuwa hubiri. Hawatambui ya kuwa jibu hilo lina ncha mbili. Maana ikiwa sala ndiyo ngao, watoto wa mzee aliyefundisha katekisimu miaka arobaini, na ambaye leo hajui siku ya Jumapili, watauliza nini? Watauliza kama sala zake zilikuwa za uongo. Kwa sababu hiyo yatupasa kujua kwanza ni nini kilichochunguzwa, na wachunguzi waliona nini. Habari nyingi zatoka Marekani, na shina lake ni nyumba za masista. Twataka kuzisimulia kwa utaratibu, kisha tuone zinatufundisha nini na hazitufundishi nini.

2. Ugonjwa ulivyopata jina

Zamani, hata huko Ulaya, watu walidhani ya kuwa kupiswa ni sehemu ya uzee kama mvi na kupinda mgongo. Mwaka 1901 daktari mmoja wa Kijerumani, Alois Alzheimer, alipokuwa akifanya kazi Frankfurt, aliletewa mwanamke wa miaka 51 aliyekuwa akisahau mambo na kuchanganyikiwa. Umri huo si uzee, na ndiyo sababu daktari alistaajabu. Mwanamke yule alikufa mwaka 1906. Alzheimer aliutazama ubongo wake kwa darubini ya vitu vidogo, akaona mambo mawili: mabaka yaliyotanda baina ya chembe za ubongo, na nyuzi zilizojisokota mafundo ndani ya chembe zenyewe. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule alieleza habari hizo mbele ya madaktari wenzake katika mji wa Tübingen. Mwaka 1910 mkuu wake, Emil Kraepelin, aliuandika ugonjwa huo katika kitabu chake cha mafundisho na kuuita kwa jina la Alzheimer.

Yalipita miaka mingi kabla ya kukubaliwa ya kuwa wazee wengi waliopiswa wana ugonjwa huo huo, wala si uzee mtupu. Siku hizi hali yenyewe ya kupotewa na akili huitwa demensia, nayo ina sababu nyingi. Ugonjwa wa Alzheimer ni mmoja tu, ingawa ndio mkubwa. Kiharusi kadhalika huweza kuileta, kwa kuwa sehemu ya ubongo ikikosa damu hufa.

Tofauti hii si neno la madaktari peke yao. Aliye mgonjwa hana hatia ya ugonjwa wake. Tukisha kusema ya kuwa kupiswa ni ugonjwa, tumekwisha kumwondoa mzee katika hukumu ya watu.

3. Masista wa shule

Katika mwaka 1833 mwalimu mmoja wa Bavaria, Karolina Gerhardinger, alianzisha shirika la watawa wa kuwafundisha wasichana, hasa wa maskini. Wakaitwa Masista wa Shule wa Notre Dame. Mwaka 1847 mama huyo alivuka bahari pamoja na masista wachache kwenda Marekani, kuwahudumia watoto wa Wajerumani waliohamia huko, na mwaka 1850 wakafungua nyumba Milwaukee. Shirika likaenea, na maelfu ya masista wakafundisha katika shule za parokia, kizazi baada ya kizazi. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwanzilishi wao kuwa mwenye heri mwaka 1985.

Mwaka uliofuata, 1986, mtaalamu kijana wa elimu ya kuenea kwa maradhi, David Snowdon, aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha Minnesota, alikwenda katika nyumba ya masista hao iliyo juu ya kilima katika mji wa Mankato. Kabla ya hapo alikuwa amechunguza afya ya Waadventista Wasabato, ambao wengi wao hawavuti tumbako wala hawanywi pombe. Huko Mankato aliona jambo ambalo wachunguzi wa maradhi hulitamani na hawalipati. Watu wa mjini hutofautiana kwa kila kitu: huyu tajiri, huyu fukara, huyu mlevi, huyu hanywi, huyu amezaa watoto kumi, huyu mgumba, huyu hutibiwa, huyu hatibiwi. Mmoja akiugua na mwenzake asiugue, nani awezaye kusema ni kwa sababu gani? Bali masista wamelala chini ya paa moja, wamekula chungu kimoja, hawakuolewa, hawakuzaa, hawavuti, mshahara wao ni mmoja nao ni mdogo, na daktari wao ni mmoja. Tofauti nyingi zimekwisha kuondolewa na kanuni ya utawa yenyewe. Zile chache zilizobaki huonekana wazi, kama kijiwe katika mchele uliopetwa.

Tena masista walikuwa na hazina nyingine, nayo ni kabati la kumbukumbu. Kila aliyeingia shirika alikuwa na faili lake: siku ya kuzaliwa, wazazi, shule alizosoma, shule alizofundisha, na mambo mengine mengi. Ni wachache katika ulimwengu walio na maisha yaliyoandikwa tangu ujana hata kaburini.

Snowdon alihamia Chuo Kikuu cha Kentucky mwaka 1990, na tangu mwaka 1991 kazi ikapanuliwa kwa msaada wa serikali ya Marekani mpaka nyumba za shirika zilizo katika sehemu mbalimbali za nchi ile. Walialikwa masista 1,027 waliozaliwa kabla ya mwaka 1917; wakakubali 678. Mdogo wao alikuwa na miaka 75, na mkubwa wao 102. Walikubali mambo matatu: kufunguliwa kwa faili zao, kupimwa akili na mwili mara kwa mara, na kutolewa ubongo wao baada ya kufa ili utazamwe.

Hilo la tatu si dogo. Twajua jinsi watu wetu wanavyoona haya na hofu kuhusu maiti kupasuliwa, na wazee wa Ulaya na Marekani nao wana hofu hiyo hiyo. Masista walifikiri juu yake, wakaulizana, na theluthi moja hivi ya walioalikwa hawakuingia. Lakini wale 678 waliona ya kuwa aliyefundisha maisha yake yote aweza kufundisha hata baada ya kufa. Hawakuacha watoto duniani; wakaacha hicho.

4. Karatasi za mwaka 1930

Sasa twafikia jambo litakalowapendeza wasomaji wetu walio walimu wa lugha. Tarehe 22 Septemba 1930 mkuu wa masista katika Amerika ya Kaskazini aliandika barua kwa nyumba zake. Alitaka kila sista aandike habari fupi ya maisha yake, isizidi maneno mia mbili au mia tatu, katika karatasi moja: alizaliwa wapi, wazazi wake ni nani, mambo gani ya utotoni yafaa kukumbukwa, alisoma wapi, ni nini kilichomvuta kuingia utawa. Wasichana waliokuwa karibu kuweka nadhiri waliandika kwa mkono wao, wengi wakiwa na umri wa miaka 22 hivi. Karatasi zikawekwa kabatini. Hakuna aliyedhani ya kuwa zingesomwa tena miaka sitini baadaye.

Snowdon alipozikuta alimwita mtaalamu wa lugha, Susan Kemper wa Chuo Kikuu cha Kansas. Huyu alizipima kwa vipimo viwili. Cha kwanza ni ujenzi wa sentensi: je, mwandishi huunganisha mambo kwa vishazi vilivyoingiana, au huyaweka moja moja? Cha pili ni wingi wa mawazo, yaani katika kila maneno kumi yamo mawazo mangapi.

Tutoe mfano wetu wenyewe. Mwanafunzi mmoja aandika: Baba yangu alikuwa mkulima. Mama yangu alikuwa mwema. Sisi tulikuwa watoto saba. Mwenzake aandika: Baba, mkulima asiyejua kusoma, alitupeleka shuleni sote saba kwa zamu, akiuza ndizi kila Jumamosi ili apate karo. Wote wawili wamesema kweli, wala hakuna kosa la sarufi. Lakini katika maandiko ya wa pili kila neno lina mzigo.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1996. Walichukuliwa masista 93 waliokuwa wameandika karatasi hizo, wakapimwa akili katika uzee wao, miaka 58 hivi baada ya kuandika. Wale ambao maandiko yao ya ujana yalikuwa na mawazo machache ndio walioonekana mara nyingi zaidi kuwa na akili dhaifu uzeeni. Na katika 14 waliokuwa wamekwisha kufa, wote walioandika kwa mawazo machache walikutwa na ugonjwa wa Alzheimer katika bongo zao, na katika walioandika kwa mawazo mengi hakukutwa hata mmoja. Kumi na wanne ni watu wachache, na mwenye busara hajengi nyumba juu ya nguzo moja; lakini neno lenyewe ni la kushangaza.

Mwaka 2001 karatasi zile zilisomwa tena kwa nia nyingine. Wachunguzi walihesabu maneno ya furaha, shukrani, tumaini na upendo katika maandiko ya masista 180. Wale waliojaa maneno hayo waliishi miaka mingi kuliko wenzao. Na katika kuyagawa mafungu manne, hatari ya kufa katika fungu la chini ilikuwa mara mbili na nusu ya ile ya fungu la juu. Na mwaka 2019 ilichapishwa kazi juu ya masista 325 na lugha walizozijua. Waliojua lugha nne au zaidi walipatwa na demensia mara chache kuliko waliojua moja tu. Walakini kujua mbili au tatu hakukuonyesha faida hiyo, na wingi wa mawazo katika maandiko ulionekana kuwa ishara yenye nguvu zaidi kuliko idadi ya lugha.

Tusikimbilie kuvichukua vipimo hivi na kuwapimia wanafunzi wetu. Kiingereza hutawanya wazo katika maneno mengi. Kiswahili hufunga mawazo mengi katika neno moja. Neno letu hatukumnunulia lina mtendaji, kukana, wakati, mtendewa, tendo, na kusudi la tendo. Atakayehesabu mawazo kwa maneno kumi ya Kiswahili hana budi kutengeneza kwanza mizani nyingine. Hiyo ni kazi inayowangoja wataalamu wa lugha yetu.

Wala maana ya jambo lenyewe haijulikani kwa hakika. Wengine husema, akili iliyozoezwa tangu ujana hujiwekea akiba, na ugonjwa ukija hukuta ghala lililojaa. Wengine husema kinyume: mafundo ya ubongo huweza kuanza mapema sana, miaka mingi kabla ya dalili, na labda maandiko makavu ya kijana wa miaka 22 ni alama ya kwanza ya ugonjwa wenyewe. Huenda yote mawili yana kweli ndani yake.

5. Wote walisali

Sasa na turudi kwenye swali letu. Mtu akisikia habari hizi huweza kusema: Masista wengi waliishi miaka mingi na akili timamu, basi sala imewalinda. Twamwomba afikiri kidogo. Masista wote 678 walisali. Wote waliamka kwa kengele ile ile, wote walihudhuria Misa, wote walisoma rozari. Hata hivyo wengine walifika miaka mia wakiwa na akili safi, na wengine walipiswa miaka sabini na kitu. Ikiwa wote walisali, sala haiwezi kuwa ndiyo iliyowatofautisha. Kazi hii, ingawa ilifanywa katika nyumba za sala, haikuweza kupima sala hata kidogo, kwa sababu hapakuwa na asiyesali wa kulinganishwa naye.

Hii ndiyo faraja tunayotaka kuwapelekea wale watoto wa katekista. Masista wale waliopotewa na akili hawakuwa wavivu wa dini. Walishika nadhiri zao miaka hamsini na sitini. Ugonjwa uliwajia kama unavyomjia mtu ye yote.

Lakini nyumba zile zilionyesha jambo jingine lililo kubwa. Kulikuwa na sista mmoja aliyezidi umri wa miaka 101. Alipimwa mara kwa mara, akajibu vema mpaka karibu na kufa kwake. Ubongo wake ulipotazamwa, ulikutwa na mabaka na mafundo tele, kama wa mtu aliye mgonjwa kabisa. Ugonjwa ulikuwamo, walakini yeye hakupiswa. Wala hakuwa peke yake. Wako wenzake ambao mafundo yalikuwa yamefika mbali katika bongo zao, nao hawakupotewa na akili. Na mwaka 1997 ilitangazwa sababu moja ya tofauti hiyo: katika masista 61 waliokutwa na alama za Alzheimer, wale waliokuwa pia na sehemu ndogo zilizokufa kwa kukosa damu, ndani sana ya ubongo, karibu wote walikuwa wamepiswa, bali katika wale wasiokuwa na sehemu hizo, waliopiswa walizidi nusu kidogo tu. Kwa hiyo kuilinda mishipa ya damu, kwa kutibu shinikizo la damu na kuacha tumbako, ni kuilinda akili pia.

Kazi nyingine ilianza mwaka 1994 chini ya David Bennett wa Chicago, nayo ilichukua masista, mapadre na mabruda wa mashirika mengi ya Marekani. Mwaka 2002 wachunguzi wake walieleza habari za watawa 801. Waliulizwa husoma mara ngapi magazeti na vitabu, hucheza karata au michezo ya kufikiri mara ngapi, husikiliza redio mara ngapi. Wale waliozitumia akili zao zaidi katika mambo hayo walipatwa na Alzheimer mara chache zaidi katika miaka iliyofuata. Na mwaka 2007, katika watawa 997, walionekana kukingika zaidi wale wenye tabia ya utaratibu na kutimiza wajibu. Angalieni: hapa tena wote ni watu wa sala; kilichowatofautisha ni mazoea ya akili na tabia ndani ya maisha ya sala.

6. Waumini walio ulimwenguni

Ili kupima dini yenyewe, yafaa kuwatazama watu wa kawaida, waendao kanisani na wasiokwenda. Kazi hiyo imefanywa mara kadhaa. Mwaka 2006 ilichapishwa habari ya wazee wa Marekani wenye asili ya Meksiko: waliohudhuria ibada mara kwa mara, akili zao zilipungua polepole kuliko za wenzao. Mwaka 2007 madaktari walieleza habari za wagonjwa 70 waliokwisha kupatwa na Alzheimer. Waliozidi katika sala za faraghani na katika mambo ya roho, ugonjwa wao ulikwenda kwa mwendo wa taratibu zaidi.

Habari njema hizi. Lakini twapaswa kuuliza swali ambalo kila mwalimu wa mantiki huliuliza: lipi lililotangulia? Mzee anayeanza kusahau huona haya. Hukosea kujibu katika ibada, husahau jina la jirani, hupotea njia. Basi hukaa nyumbani. Mwenye kuhesabu watu huja na kuandika: huyu haendi kanisani, na akili yake ni dhaifu. Kumbe si kutokwenda kulikoleta udhaifu. Udhaifu ndio uliomzuia kwenda. Vivyo hivyo mwenye miguu mibovu, asiyesikia, asiyeona. Wachunguzi hodari hujitahidi kuyatenga mambo hayo kwa kuwafuata watu miaka mingi, lakini kuyatenga yote ni kazi ngumu.

Tena, ikiwa kuhudhuria ibada kweli kunasaidia, kunasaidia kwa njia gani? Hebu tufikiri juu ya Jumapili ya bibi mmoja mkongwe. Hana budi kujua ya kuwa leo ni Jumapili. Huoga, huchagua kanga, hutafuta sadaka, hutembea. Njiani husalimu watu na kuwatambua kwa majina. Kanisani husimama, huketi, hujibu kwa wakati wake, huimba beti alizozijifunza kwa moyo, husikiliza somo na kulifuata. Baada ya ibada huulizwa habari za mjukuu, naye huuliza habari za mgonjwa. Na asipofika, watu husema, Bibi yu wapi? Twaona, basi, kumbukumbu, mwendo, wimbo, maneno, wenzake, na kujua ya kuwa kuna anayemtafuta. Ni mambo mangapi ya ulimwengu yanayompa mkongwe hayo yote kwa asubuhi moja, bila malipo?

Mwaka 2024 baraza la wataalamu lililokusanywa na gazeti la madaktari la The Lancet lilitaja mambo 14 ambayo yakizuiwa au kutengenezwa, yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu demensia 45 katika kila 100. Dini haimo katika orodha hiyo. Lakini yamo elimu kidogo ya utotoni, kukaa peke yake, huzuni nzito, ulevi, tumbako, kutofanya mazoezi, kutosikia na kutoona. Mchungaji akiisoma orodha hiyo ataona ya kuwa mengi yamo katika kazi yake ya kila siku, ingawa hayaitwi kwa jina la dini.

7. Huku kwetu

Wako waliodhani ya kuwa ugonjwa huu ni wa Wazungu tu. Katika wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, mwaka 2009 na 2010, wataalamu wa Tanzania na Uingereza waliwapima wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: kwa kusawazisha umri, waliopatikana na demensia walikuwa 6 na kitu katika kila 100, kiasi kisicho mbali na cha nchi tajiri. Wazee wetu wanazidi kuwa wengi, na wagonjwa watazidi pamoja nao. Lakini wengi wao hawajaambiwa ya kuwa wana ugonjwa. Jamaa zao huona ni uzee tu. Na mahali pengine, ajuza anayetangatanga usiku asijijue huweza kuitwa mchawi. Twajua neno hilo lina hatari gani. Mwalimu anayeeleza kanisani ya kuwa kupiswa ni ugonjwa wa ubongo huenda akaokoa maisha ya mtu kijijini mwake.

8. Yatupasayo

Tumeona mambo mengi. Sasa tuyafunge pamoja.

Kwanza, tusihubiri ya kuwa sala ni kinga ya ugonjwa huu. Hakuna aliyelithibitisha neno hilo, na wanaoumizwa nalo ni wale wale waliosali sana. Sala haikuagizwa ili iwe dawa ya kumbukumbu.

Pili, tusiwaache wazee wakapotea katika ibada. Mkongwe anayeanza kusahau asionewe haya. Aandaliwe mtu wa kumchukua, akae mahali pake alipozoea, aimbe anachokikumbuka. Wengi tumewaona wazee wasioweza kutaja jina la binti yao, lakini Baba Yetu ikianza huifuata mpaka Amina, maana maneno yaliyofundishwa utotoni na kurudiwa kwa sauti na kwa wimbo hushika mizizi mirefu. Yeye aliyesahau kila kitu bado ana sauti katika kusanyiko. Kwa nini tumnyime?

Tatu, na hili lawahusu hasa walimu: samaki mkunje angali mbichi. Hata kama haijulikani kwa hakika kwa nini maandiko ya ujana yaliagua uzee, elimu ya utotoni imo katika orodha ya wataalamu. Tusiridhike na mwanafunzi anayenakili sentensi za ubaoni. Tumtake aandike habari zake mwenyewe, aunganishe sababu na tokeo, aseme mengi kwa maneno machache. Msichana anayezuiwa kwenda shule amenyang'anywa akiba ya uzee wake.

Nne, tuige kabati la masista. Katika parokia zetu vimo vitabu vya ubatizo na vya ndoa, lakini maisha ya katekista, ya mkunga, ya mzee wa kanisa, hayakuandikwa. Kila mmoja na aombwe karatasi moja, kama ile ya mwaka 1930: alizaliwa wapi, wazazi wake ni nani, aliona nini, kwa nini alishika kazi hii. Asiyejua kuandika, mwanafunzi amwandikie, kwa maneno yake na kwa lahaja yake. Karatasi hiyo itakuwa hazina kwa wenye kuchunguza lugha na desturi. Na siku mzee mwenyewe atakapokuwa amesahau alikuwa nani, wajukuu wataweza kuichukua, wakae naye barazani, wamsomee.